Kurudi kwa Mume wa Bi Mkubwa

"Uji hautajinywa wenyewe," Bosi alisema, akimrudishia Mzee kurasa zake. "Andika kwamba anakunywa. Tena aumalize."

Mzee akashusha pumzi, akaongeza mstari: Bi Mkubwa anakunywa uji wake wote. Kuandika kurasa mpya kila siku kulikuwa kumemchosha hadi mifupani, na Nyota, aliyemcheza Bi Mkubwa, hakuwa mtu wa kubembelezwa. Kisichoandikwa hakitendi, hata kijiko hagusi.

Wa kulaumiwa ni Mzee mwenyewe. Tamthilia ilipoanza, ndiye aliyeweka sheria kwamba hakuna kujibunia: kisemwe kilichoandikwa, basi. Kabla ya hapo alikuwa mwigizaji wa sehemu ndogondogo kwa miaka mingi. Alikuwa daktari wa kuleta habari mbaya, askari wa kubisha hodi, mlinzi wa kupigwa risasi kabla ya tangazo la sabuni. Watu walimsimamisha barabarani, "Wewe sura yako naijua!", lakini jina likawapiga chenga. Alipochoka kufa mapema akashika kalamu, na sehemu ya kwanza nono aliyoiandika, ya mwanamke mwenye nyumba ya wageni, akampa Nyota. Kila mtu akawa anamwita Bi Mkubwa, hata sokoni.

Alichokijutia ni habari ya mume. Mwigizaji aliyecheza mume wa Bi Mkubwa alimletea jeuri, naye kwa hasira akamzamisha ziwani. Tangu siku hiyo Bi Mkubwa akawa mjane, na kila mwanamume anayeingia sebuleni kwake ni mgeni tu.

"Leo namrudisha mume," Mzee alisema.

Bosi akaacha kukoroga uji. "Si alikufa? Wewe mwenyewe ulimuua."

"Maiti haikuonekana. Nilijiachia upenyo."

"Na nani atamcheza?"

"Mimi."

Bosi akamtazama. "Asipokukubali je? Utajilaza huko chumbani siku nzima usiseme na mtu. Mimi nakujua."

"Nimekuwa daktari, nimekuwa fundi bomba, nimekuwa yule mgeni mwenye kikohozi. Kila siku ananikaribisha vizuri, kila siku ananiaga vizuri. Nimechoka kuwa mgeni. Nataka aniite mume wangu, japo mara moja."

Bosi hakubisha tena. Alimwonea huruma, na huruma yenyewe ilikuwa imeanza kumchosha.

Nyota alikuwa ameshaketi kwenye kochi, kurasa mapajani, midomo ikichezacheza kama ya mwanafunzi kabla ya mtihani. Kwa kushika maneno ya ukurasa alikuwa bado bingwa.

"Wapiga picha tayari?" akauliza.

"Tayari," Bosi akajibu bila kugeuka.

Nyota akanywa uji, akaumaliza. Hodi ikapigwa. Mzee akaingia na koti alilolilowesha bombani, moyo ukimdunda kuliko siku yoyote aliyopigwa risasi za uongo.

Nyota akainuka taratibu. Kurasa zikamponyoka mapajani.

"Mume wangu," akasema, na sauti ikakatika pale pale ilipotakiwa kukatika. "Umerudi."

Akamshika uso kwa mikono miwili. Mzee alikuwa na sentensi mbili za kusema, zote zikampotea. Akamkumbatia, akalia kilio ambacho hakukiandika, na Nyota akampapasa mgongo polepole mpaka kikapoa. Bosi alikuwa amegeukia dirishani.

Kisha Nyota akamwachia, akajifuta mashavu, akampiga begani kama wanavyopigana watu wa kazi moja.

"Umecheza vizuri sana, ndugu yangu," akasema. "Sura yako naijua, sijui niliiona wapi. Haya, nitafutieni viatu vyangu niende nyumbani. Nina mume mimi, ndiye mwandishi wa haya yote, na hagusi chakula mpaka nirudi."

Mzee akasimama pale pale, koti likidondosha maji zuliani.

Bosi akaja na vidonge vya asubuhi, akavitia kwenye kiganja cha mama yake. Kiganja kikabaki wazi, kikisubiri.

"Baba," akasema taratibu, "andika kwamba anameza."