Wimbo wa Bangili

Zamda alikuwa akitua ndoo mlangoni aliposikia mumewe akiimba kwa Kimewari, lugha ya kwao, akaganda.

Mumewe, fundi bangili aliyetoka Bara Hindi, alikuwa na nyimbo tele za kwao. Huu wa leo lakini alimwimbia Zamda mara moja tu, walipooana. "Kwetu," alimwambia siku ile, "fundi huuimba akimtengenezea bangili bibi harusi wake mwenyewe."

Zamda akaingia. Wimbo ukakatika. Lakiri nyekundu ya kutengenezea bangili ilikuwa ikilainika juu ya makaa, na pembeni bangili moja imekwisha kupoa, inang'aa.

"Ya nani hiyo, mume wangu?"

"Ya kuuza tu. Akina mama wa kijiji cha ujamaa kule Ipole wameagiza."

Ipole! Huko ndiko anakolala siku hizi kila akienda kuuza, eti lori la kijiji limeharibika.

Zamda akanyoosha mkono. "Nivalishe."

Bangili ikakwama kwenye vifundo vya vidole. Fundi hakuisukuma. Aliyatazama makaa.

Zamda akaketi mbele yake, akaudaka wimbo palepale ulipokatika, kwa Kimewari alichofundishwa naye, mpaka mahali pa kutaja jina la bibi harusi.

Hapo akanyamaza, akamwachia yeye alitaje.