Saa ya Kapteni Faraji

Bwana Kitundu wa shirika la ndege aliiweka saa mezani taratibu, kama anayelaza mtoto.

"Pole sana, shemeji. Kwenye mabaki ya ndege tumepata hii tu. Wiki nzima nimeifungia kabatini, haijaguswa na mtu."

Mwanaidi aliitambua. Saa ya Uswisi, pana, yenye tarakimu kubwa ambazo rubani huzisoma hata gizani. Mumewe alikuwa akiitia ufunguo kila alfajiri, kabla ya chai. Akiisahau siku mbili tu, inasimama.

Katika chumba cha ndani wanawake walikuwa wakilia. Mama mkwe alikuwa ameshamwandalia nguo za eda.

Mwanaidi akaipeleka saa sikioni. Ilikuwa inatembea.

"Nani ameitia ufunguo, shemeji?"

Kitundu alinyoosha mkono. "Nipe. Unajiumiza bure."

Hakumpa. Alimkazia macho mpaka yule bwana akageukia mlango. Kisha akaingia ndani, akapiga magoti, akaiweka saa kwenye sikio la mama mkwe. Kilio cha yule mama kikakatika.

Katika kimya kile wakasikia, nje, gari la Kitundu likiwashwa.