Kadi ya Mkalimani

Ilikuwa kesi ya kwanza ya Mwamvua kama mkalimani wa mahakama, na kiganja chake kilitoka jasho juu ya kadi aliyoificha. Kwenye kadi aliandika dict, na chini yake: kusema. Padri Damiani, mwalimu wake, alizoea kumwambia kwamba maneno ya Kiingereza yana ukoo, na mzizi huo wa Kilatini ndiye babu. Ukimjua babu, wajukuu hawakusumbui. Mwamvua aliwakariri wajukuu wote. Predict, kutabiri. Contradict, kupinga. Verdict, uamuzi wa mahakama, yaani kweli iliyosemwa.

Hakimu alisoma hukumu kwa Kiingereza. Mzee Kiboga, aliyeshtakiwa kuchoma duka la jirani yake, alisimama kizimbani akizungusha kofia mikononi. Hakumtazama hakimu hata mara moja. Alimtazama Mwamvua mdomoni.

Hakimu akamaliza sentensi ya mwisho, akafunga jalada. Mwamvua alielewa kila neno. Mzee alikuwa bado hajui, na angeendelea kutojua mpaka yeye aseme.

"Mkalimani," hakimu aliita.

Mwamvua aliinuka. Alifungua kiganja. Kadi ilikuwa imelowa, na wino wake umehamia kwenye ngozi, dict, lile neno babu, likisomeka kinyumenyume.

"Sema tu, mwanangu," mzee alimwambia kwa upole. "Mimi nakusikiliza wewe."

Mwamvua alifumba kiganja, akafungua mdomo. Kizimbani, kofia ikaacha kuzunguka.