Banda la Matango la Mkurugenzi

Kilibaki kioo kimoja cha kupachika kwenye banda. Nikakiinua juani nione kama kimetakata.

Hakikutakata. Pembeni kulikuwa na mistari ya mwanga, myembamba kama nywele, na alama ya gumba lenye kovu. Gumba la Kulyash, marehemu mke wangu. Wakubwa hawakumpa hata glavu.

Miaka ishirini, kwenye kituo cha kutazama nyota, alisafisha picha za mwanga wa galaksi moja zilizopigwa kwenye vioo, kwa kuwa mistari ya mwanga huo ilinenepa na kufifia, tofauti na ya galaksi nyingine. Dawa za kusafishia picha zikamla kifua.

"Mzee, umeganda?" mkurugenzi wa kituo aliuliza, kikombe cha chai mkononi. "Matango yatapigwa na baridi."

"Vioo hivi umevitoa wapi?"

"Si stoo ya kituo? Takataka za zamani. Nimeviosha kwa maji ya moto, vimekuwa kama vya dukani."

"Vyote?"

"Vyote, mzee wangu. Si umevipachika mwenyewe?"

Nikatazama kuta. Jua lilipita kwenye vioo bila kuacha kivuli cha mstari hata mmoja.

"Na maji uliyooshea, umeyamwaga wapi?"

Akaelekeza kikombe kwenye matango.