Sauti ya Baba Bila Matangazo

Tovuti iliyozifanya sauti za marehemu ziendelee kuzungumza na jamaa zao haikutoza kitu, ila marehemu walilazimika kutangaza bidhaa. Kila asubuhi baba alimsalimia mama, kisha katikati ya maneno akaisifu sabuni ya unga.

"Mama, wanamdhalilisha," nilisema, nikaweka kizuizi cha matangazo kwenye simu yake.

"Mwache, Nasra. Hata alipokuwa hai alikuwa na maneno mengi."

Sikumsikiliza. Wafiwa wengi walifanya kama mimi. Baada ya miezi miwili tovuti ilikosa fedha, ikafungwa, na sauti zote zikapotea.

Mama hakunikaripia. Aliniomba tu nilitamke jina lake, Chausiku, kama baba alivyolitamka. Nilijaribu mara tatu. Akatikisa kichwa, akageukia ukutani.