Maji ya Rejeta

Dereva alifungua mfuniko wa rejeta kwa kitambaa, akaruka nyuma kukwepa mvuke. Ndani palikuwa pakavu.

"Tundu nimeliziba kwa sabuni, mama," alisema. "Litashika mpaka Kilosa. Lakini bila maji, injini inakufa hapa hapa."

Pikapu ilikuwa ya shamba la mkonge, ikauzwa mnadani shamba lilipobinafsishwa. Siku hizi ndiyo inayobeba wagonjwa wote wa Msowero.

Mwanvua alitazama barabara. Hakuna gari lililotokea, na mto walioupita ulikuwa mchanga mtupu. Mapajani mwake alilala mwanawe ambaye hajaanza kutembea, macho yameingia ndani kwa kuharisha. Pembeni palikuwa na kidumu cha maji ya chumvi na sukari. Nesi wa zahanati alimwambia ampe kidogo kidogo, asiache mpaka wafike hospitali.

"Unayataka yote?"

"Yote, mama. Hata hayo sijui kama yatatosha."

Mwanvua alifungua kidumu, akalowesha kidole chake cha shahada, kisha akamkabidhi dereva.

Rejeta iliyagugumia yale maji kama mtu aliyetoka kulima. Dereva alikung'uta kidumu mpaka tone la mwisho.

Mwanvua alimtia mtoto kidole mdomoni. Mtoto hakukinyonya. Akakipitisha juu ya ulimi, taratibu, akangoja. Akakipitisha tena.

Mbele injini ilikohoa, ikakohoa, ikaunguruma.

"Mshukuru Mungu, mama," dereva alisema dirishani. "Gari limekubali."