Maktaba ya Sebuleni

Kwa miaka sita maktaba ya mji ilikuwa sebule ya Bi Sikudhani, mjane aliyejitolea kutoa chumba hicho halmashauri ilipokosa pa kuweka vitabu vyake vya kwanza. Sasa jengo jipya lilikuwa tayari. Asubuhi karani Mhando alikuja na wabebaji, na kufikia adhuhuri vitabu, rafu na daftari la waazimaji vilikuwa juu ya mkokoteni.

“Sasa utapumzika, mama,” Mhando alisema. “Hutapigiwa hodi tena kutwa nzima.”

“Ndiyo, mwanangu. Nitapumzika.”

Walipoondoka alifagia, akapiga deki, kisha akaketi. Nje watu walipita wakielekea kwenye jengo jipya, na hakuna aliyegeuza shingo.

Alasiri ikasikika hodi. Alikuwa Mwasiti, muuza vitumbua, amebeba kitabu kilichofungwa kwa khanga.

“Samahani, bibi, nimechelewa kukirudisha. Nilikuwa nauguza mtoto.” Akakitazama chumba kitupu. “Kumbe wameshahama! Basi ngoja nikipeleke huko.”

“Umekimaliza?”

“Bado kurasa chache.”

“Huko watakipokea hata kesho,” Bi Sikudhani alisema, akitandika mkeka. “Kaa umalizie hapa.”

Mwasiti alivua kandambili, akaketi, akaanza kusoma kwa sauti ya chini, kidole kikifuata mistari. Bi Sikudhani hakuwa akisikiliza hadithi. Alizitazama zile kurasa zilizobaki, nyembamba kama kipande cha mkate, akatamani mwenzake asome polepole.